Mzee Aliyefungua Mdomo Mara Moja

Theluji niliiona mara ya kwanza sebuleni kwetu Ruhuwiko, na baba mdogo akasema ile ni mbolea. Ilikuwa Desemba, mahindi yamefika magotini, na kila mgeni aliyeingia kwetu alikuwa na mawazo ya mbolea kichwani, kwa hiyo sikumlaumu. Alitazama runinga, akaona weupe umefunika paa za nyumba, miti na hata mgongo wa mbuzi, akatikisa kichwa. "Hawa watu wanachezea mali," alisema, akarudi kwenye wali wake.

Kitu chenyewe kilikuwa kipindi cha katuni cha Krismasi, kimoja cha vile ambavyo televisheni za Ulaya huvionyesha mara moja kwa mwaka, kikiwa kimerekodiwa kwenye mkanda wa video. Mkanda mama alipewa na sista mmoja mzee wa misheni, ambako mama alifua na kupiga pasi. Sista alipokuwa anarudi kwao kupumzika aligawa vitu vyake, nasi tukaangukiwa na runinga, deki na mkanda huo mmoja. Watoto wengine wa mtaani kwetu Krismasi walikuwa na nguo mpya. Sisi tulikuwa na nguo mpya na theluji, na tulijidai sana.

Wahusika wake hawakuwa wa kuchorwa. Walikuwa wanasesere wa mbao na vitambaa, na walitembea kwa kushtukashtuka, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtoka. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinapumua. Nguo ya mwanasesere ilitetemeka hata alipokuwa amesimama tu, moshi wa pamba ulipanda kutoka kwenye bomba la nyumba, na nyota zilikuwa zimening'inizwa kwa uzi ambao ukitazama vizuri uliuona. Mimi niliuona, na haukunipunguzia kitu. Usiku nililala nikiamini hata nyota za Songea zina uzi wake.

Tatizo lilikuwa maneno. Mkanda ulisema lugha ya kwao sista, na nyumbani aliyeijua kidogo ni mama, naye alijua ya sabuni na maji ya moto tu. Basi kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, akapunguza sauti mpaka mwisho, akakaa chini kando ya runinga na kuanza kuwasemea wale wanasesere yeye mwenyewe. Hakuomba ruhusa. Kuanzia siku hiyo, kila Krismasi baada ya misa na chakula, kaka alisema kipindi kizima.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Kijana ametumwa chumvi Majengo. Njiani anakutana na ile mbolea, maana baba mdogo alikuwa amekwisha kupitisha hukumu, na kaka akatueleza kwamba gunia limepasuka huko juu. Kijana anapotea njia. Anatembea, anatembea, mbuzi anamfuata, mpaka wanafika kwenye kibanda cha mzee mmoja mwenye nyusi nene anayeishi peke yake. Mzee huyu alikuwa akionekana tangu mwanzo wa kipindi, anachanja kuni, anakoroga chungu, anatazama dirishani, ila hasemi neno. Kijana anagonga. Kaka anasema, "Hodi." Sisi wote sebuleni tunaitikia, "Karibu," maana mtu hawezi kusikia hodi akanyamaza. Kijana anavua kofia. "Shikamoo, babu."

Hapo ndipo mzee anafungua mdomo. Taya la mbao linashuka mara moja, linapanda, basi. Hafungui tena mpaka kipindi kinakwisha. Kaka akampa neno lililokuwa lazima lije, "Marahaba," na akalisema kwa sauti ya baba yetu, ile nzito ya kutokea kifuani, ya mtu aliyefundisha katekisimu kwa miaka na hakuzoea kuulizwa mara mbili.

Mara ya kwanza tuliganda. Baba hakuwa mtu wa kuigizwa. Alitazama runinga, akamtazama kaka, kisha akacheka mpaka wali ukampalia na mama akampiga mgongoni. Krismasi zilizofuata alikuwa akikatiza mazungumzo na wageni ili asipitwe na marahaba yake. "Subirini," aliwaambia, "nakaribia kusema."

Tukakua. Deki ikafa, mkanda ukaota ukungu. Kaka akaenda Tunduru kwenye biashara ya korosho, akapata mchumba, akasilimu, akaoa. Alimwambia mama kwanza, na mama alilia kidogo, halafu akauliza binti anapenda chakula gani. Baba hakulia wala hakuuliza. Kaka alipomleta mkewe nyumbani, wifi yangu alipiga magoti akamwamkia baba, na baba akamwitikia vizuri, "Marahaba, mwanangu, karibu." Kisha kaka akasema, "Shikamoo, baba." Baba akainama kufunga kamba ya kiatu. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Salamu ya kaka ikabaki inaning'inia pale sebuleni na hakuna aliyeweza kuishusha.

Nimeona watu wakitukanana na kupatana kabla jua halijazama. Hili halikuwa tusi, na ndiyo maana hapakupatikana pa kulishika. Kaka hakuja tena Krismasi. Kila sikukuu alipiga simu kwa mama, na mwisho wa maongezi akasema, "Nisalimie baba." Mama akageuka, "Mwanao anakusalimu," na baba akajibu, "Nimesikia." Miaka ikaenda kwa "nimesikia" hiyo. Nilimkasirikia baba sana. Bado nikikumbuka ile kamba ya kiatu damu inanichemka, na nampenda, na vyote viwili ni kweli. Mama alikuwa anazeeka akisubiri neno moja, mtu mwenye neno lenyewe ameketi mbele yake anakunywa chai.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, nilikuwa kwangu Mjimwema nimekaa barazani, bakuli la matunda ya masuku mapajani, simu mkononi. Kumbikumbi walikuwa wametoka mchana na mbawa zao zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Sijui kwa nini nilianza kukitafuta kile kipindi. Niliandika tu vitu nilivyovikumbuka, wanasesere, theluji, mzee, mbuzi, na baada ya kupitia takataka nyingi nikamwona. Nyusi zile zile. Mtu fulani huko alikuwa amekipandisha mtandaoni. Nilisimamisha picha nikamtazama mzee wa mbao, naye akanitazama, na kwa muda sikujua nina umri gani.

Kilikuwa na maandishi ya tafsiri ya Kiswahili chini, ya mashine, lakini yanaeleweka. Ndipo nikaisoma hadithi yenyewe. Kijana hakutumwa chumvi. Alikuwa mwanafunzi wa fundi kengele, amegombana na bwana wake, akatoroka siku ya mkesha. Na yule mzee, katika nafasi yake moja ya kusema, alisema hivi: "Funga mlango." Basi. Kijana wa watu ametembea kwenye baridi yote ile, anaambiwa afunge mlango.

Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa kanga ikachujia kwenye beseni. Nikamtumia kaka kipindi pamoja na malalamiko yangu. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake watoto wake wanapiga kelele. "Mdogo wangu, hao waliotengeneza hawaijui hadithi yao. Mtu anafungua mlango, anaamkiwa, aseme funga mlango? Wazee wa wapi hao?" Nikacheka peke yangu barazani. Kisha nikairudia ile sauti, maana kuna kitu kilikuwa kimenishtua. Kaka alikuwa hamwigizi mtu, na bado niliyekuwa namsikia ni baba.

Kesho yake nikatafuta hao waliotengeneza. Walikuwa mume na mke, na kulikuwa na kipande kifupi ambamo wanahojiwa uzeeni. Walifanyia kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yao, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Mwanasesere anasogezwa kidogo, kiasi cha unene wa punje ya mchele, anapigwa picha. Anasogezwa tena, anapigwa picha. Siku nzima inakwisha na kijana amepiga hatua chache tu. Mume alisogeza, mke alichonga na kushona, na theluji ilikuwa chumvi. Niliposikia hivyo nilipiga kofi pajani. Chumvi aliyotumwa yule kijana ilikuwa imemzunguka muda wote.

Mwishoni mwulizaji akasema watu wengi wamempenda mzee kwa ukimya wake, je, waliufikiriaje? Yule mke akacheka kwa aibu. Akasema hawakuufikiria. Mzee alikuwa ameandikiwa maneno mengi, hotuba nzima karibu na moto. Lakini taya lilivunjika walipomaliza maneno yale mawili ya mwanzo, kijiti cha ndani kilikatika, na muda wa televisheni ulikuwa umewabana, hawakuweza kumchonga upya. Wakaendelea naye hivyo hivyo. "Alikuwa anataka kusema," yule mama alisema, au ndivyo mashine ilivyomtafsiri. "Sisi ndio tulishindwa kumfungua."

Nilizima simu. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati, ile ya taratibu isiyo na haraka ya kwenda popote, nami nikakaa nikiwaona wale mke na mume kwenye banda lao lenye giza, wameinama juu ya mzee mdogo aliyekatika kijiti, na baadaye wakawa ni mama na mimi, na mzee alikuwa na viatu vya baba. Sikulala, ila nilikuwa naota. Nilipozinduka hasira yangu kwa baba ilikuwa imepungua, jambo ambalo sikulipanga na kwa kweli halikunifurahisha, maana nilikuwa nimeizoea.

Siku ya Krismasi tulikula kwa wazazi Ruhuwiko. Baada ya chakula nikaunganisha simu yangu na runinga, nikaweka kipindi, sauti nikaitoa kabisa. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alipoziona zile nyusi alisogea mbele kidogo.

Simu ya mama ikaita. Kaka hupiga saa hizo, na mama husikiliza kwa sauti ya nje kwa sababu sikio moja halisikii vizuri. Walipomaliza kujuliana hali nikaingilia.

"Kaka, huku tunatazama kijana aliyetumwa chumvi. Hana wa kumsemea."

Akashusha sauti. "Baba yupo?"

"Yupo," mama akasema.

"Basi ngoja niifungue na mimi hapa. Hesabuni mpaka tatu."

Tukahesabu, na sauti yake ikaanza kutoka kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, kati ya soda na sahani za mifupa. Ilikuwa ikichelewa kidogo nyuma ya picha kwa sababu ya mtandao, kijana anainua mguu, kisha ndipo kaka analalamika kwamba njia ya Majengo siku hizi imekuwa ndefu. Gunia likapasuka juu. Mbuzi akadai naye alipwe. Upande wa Tunduru watoto wa kaka walikuwa wakicheka, na upande wetu mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa simtazami mzee wa kwenye runinga. Nilikuwa namtazama wa kwenye kiti, nikiogopa asije akasimama na kutoka. Hakusimama.

Kijana akafika kibandani.

"Hodi," kaka alisema.

"Karibu," mama akaitikia, na mimi pia, bila kufikiri.

Kijana akavua kofia. Hapo kaka alitakiwa kusema shikamoo, babu, kama alivyosema utoto wake wote. Akakawia. Tukamsikia anavuta pumzi.

"Shikamoo, baba."

Taya la mzee wa mbao lilikuwa limekwisha kushuka na kupanda. Nikangoja ile sauti nzito itoke Tunduru kumjazia. Haikutoka. Nikadhani mtandao umekatika, lakini mama aliichungulia simu na dakika zilikuwa bado zinakwenda. Kaka alikuwa amenyamaza kwa makusudi. Kwenye runinga mzee akafunga mlango, akavuta kigoda, akamkalisha kijana, akampakulia. Walikula bila neno. Mbuzi naye akawekewa bakuli lake. Mvua ilikuwa ikinyesha juu yetu, na upande wa pili mtoto akauliza mbona sinema imenyamaza, akaambiwa nyamaza na wewe.

Baba aliendelea kutazama mbele. Mkono wake ulikuwa kwenye goti, unakunjuka na kukunjika. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Nikakumbuka kwamba kuna watu wana kijiti kilichokatika ndani, nikatamani kwenda kumsaidia, lakini hakuna anayeweza kumsaidia mtu katika jambo hilo.

"Marahaba," baba alisema.

Ilikuwa imechelewa mno. Mzee wa mbao na mgeni wake walikuwa wamekwisha kulala, na picha ilikuwa inaonyesha paa tu na moshi wa pamba. Mama alishika meza.

Baba akakohoa, akaigeukia ile simu kama inavyotazamwa sura ya mtu.

"Huko mmeshapanda?"

"Tumepanda, baba," kaka akasema. "Wiki iliyopita. Yameanza kuota."

"Msichelewe kupalilia."

"Hatutachelewa."

Kipindi kikaendelea bila maneno mpaka kikaisha, na wao walikuwa bado wanazungumzia mahindi.