Kufuli la Bi Mwanakheir

Fathiya ni mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake tu. Aliyewahi kuingia upande huo hahitaji kuelezwa. Asiyeujua na aelezwe: mlangoni mwa ukumbi mabuibui huvuliwa, mitandio hushuka mabegani, nywele zilizoshughulikiwa siku mbili hupata kuonekana, na bibi mzima mwenye wajukuu hukata kiuno mpaka mabinti wakampisha. Simu zote hukusanywa kapuni na kapu huwekwa chini ya kiti cha mwanamke mmoja mkali. Kamera inayoruhusiwa ni moja, nayo ni ya Fathiya. Ameifanya kazi hiyo miaka tisa, na anajua kwamba picha moja tu ikimponyoka ikafika kwa mwanamume asiyehusika, hatoitwa tena harusini Unguja nzima.

Kuzipiga hakumpi tabu. Kinachomkosesha raha ni kuzihifadhi.

Mwanzo alizitia kwenye diski, na diski akaificha kabatini chini ya kanga. Chumvi ya hewa ya Kiponda, mtaani kwake, haichagui. Diski ikaanza kukwaruza, kisha ikanyamaza kabisa. Akaipeleka kwa fundi Darajani, na fundi akaipokea kwa adabu zote.

"Niachie, dada, uje kesho," akasema. "Lazima nzifungue moja moja nione kama zimetoka salama."

Fathiya aliichukua diski yake, akarudi nayo nyumbani, akaitia kwenye kinu akaitwanga. Mama mmoja wa Mpendae alikuwa bado hajachukua picha za mwanawe, na mpaka leo haitikii salamu yake.

Akahamia mtandaoni, kwenye ile hifadhi ya bure iliyokuja na simu. Mambo yakaenda vizuri mpaka siku kaka yake Suhaib alipoishika simu hiyo kutafuta namba ya fundi bomba. Mara ikajitokeza picha yenyewe, muziki juu, na maandishi ya kumkumbusha siku kama ya leo mwaka jana. Bibi harusi wa watu, kichwa wazi, mabega wazi! Fathiya alimpokonya simu kwa nguvu hata akamkwaruza mkono. Suhaib aliapa kwamba hakuona kitu, na huenda kweli hakuona. Lakini kilichomkera Fathiya kuliko yote ni kwamba programu ilijua kuwa ile ni harusi. Nani aliiambia? Kama inajua kilichomo, basi imeshafungua ikatazama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miezi mitatu mizima Fathiya alisoma masharti ya kampuni za kuhifadhi picha, na kila aliposoma ndipo alipozidi kuchukia. Zote zilianza kwa kusema faragha yako ni muhimu kwetu, na zote, ukivumilia mpaka ukurasa wa kumi na mbili, zilikuwa zimejiachia nafasi ya kuchungulia. Mwishowe alikwenda kwa Sumaiya, mwanamke pekee aliyemjua mwenye kuzielewa kompyuta, anayezifundisha skuli.

"Ipo moja inayofunga picha hapa hapa kwako, kabla hazijaondoka," Sumaiya akamwambia. "Wao wanapokea sanduku limeshafungwa. Linafunguka kwa neno lako la siri, na neno hilo wao hawanalo."

"Wanavyosema wao."

"Si kusema tu. Programu yenyewe wameianika. Kila mwenye ujuzi anaweza kuisoma ilivyoandikwa akaona kama inadanganya."

"Wewe umeisoma?"

Sumaiya akakohoa. "Yote, hapana."

"Sasa nani kaisoma?"

"Wataalamu."

"Wanaume?"

"Fathiya! Wanasoma programu, picha hawazioni. Ni kama kusoma vipimo vya mpika halua. Halua yenyewe hujaionja."

Fathiya akakubali shingo upande. Akauliza mara ya mwisho kama kweli hakuna mlango wa uani, njia yoyote ya wenye kampuni kuingia kinyemela, na Sumaiya akamhakikishia kwamba haupo. Usiku huo alilala vizuri, jambo lililokuwa limeadimika kwake.

Haukupita muda akaitwa kwenye harusi ya Ilham, binti wa Bi Mwanakheir. Huyu Bi Mwanakheir ni mwalimu wa chuo, amewasomesha Qur'ani watoto wa Vikokotoni na watoto wa watoto wao, na hapana aliyewahi kumwona akicheka na meno yakaonekana. Usiku wa harusi ya mwanawe wa pekee alivua mtandio, akaingia katikati ya ukumbi akacheza. Alicheza vizuri, hilo ndilo lililowatoa watu akili. Vigelegele vilipasua paa, wengine walilia, na Fathiya akampiga picha mia mbili yeye peke yake.

Siku ya tatu Bi Mwanakheir akamjia nyumbani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Nionyeshe unapoziweka."

Fathiya akamweleza yote, tena kwa fahari: sanduku, neno la siri, wataalamu, mlango wa uani usiokuwapo. Bi Mwanakheir alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hiyo programu nshaiamini," akasema. "Na wewe je?"

"Mimi vipi, bibi?"

"Neno la siri unalo wewe, mwanangu. Leo tunapendana. Kesho umekasirika, au umeumwa, au umeolewa na mwanamume mpekuzi."

Maneno hayo yalimchoma Fathiya. Miezi yote ile alikuwa akiwatilia shaka watu wa mbali wasiomjua hata jina, kumbe anayetiliwa shaka ni yeye, kitini pake, ndani ya nyumba yake. Ulimi ulimwasha amwambie achukue picha zake aende zake. Badala yake akamfungulia sanduku la peke yake, akamgeuzia kompyuta, akautazama ukuta huku bibi akiandika neno lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Programu ikatoa maneno ya akiba ya kumwokoa mwenye kusahau, ikaagiza yachapishwe na kutunzwa. Fathiya akayachapisha bila kuyatazama, akamkabidhi karatasi.

Bi Mwanakheir akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye chetezo kilichokuwa kikifuka udi pale chini. Akangoja mpaka ikawa jivu.

"Mimi si msahaulifu," akasema. "Nimehifadhi juzuu thelathini."

Kisha akakaa kitako mpaka picha zote za harusi zilipoingia sandukuni na ya mwisho ikafutwa kwenye kadi ya kamera na kwenye kompyuta, akaaga.

Wiki hiyo hiyo Ilham alikwenda Maskati na mumewe. Kila alipoomba picha, mama yake alimjibu kwamba hawezi kuzirusha hewani. Aje nyumbani wazitazame pamoja. Ilham alikuwa amekwishakata tiketi ya Shaabani wakati presha ilipomchukua Bi Mwanakheir, asubuhi, chuoni, wanafunzi hata hawajafika. Ilham aliteremka uwanja wa ndege mama yake akiwa ameshazikwa.

Baada ya khitma akaja kwa Fathiya na macho yake mekundu, akataka picha. Waliketi mbele ya kompyuta wakajaribu. Wakaandika jina la Ilham, la baba yake, la bibi yake, jina la mtaa, majina ya sura, aya nzima nzima. Kila walipokosea, programu iliwaweka wangoje zaidi kabla ya kujaribu tena. Fathiya akaiandikia kampuni barua ndefu ya kusihi, akaeleza msiba wote. Wakajibu siku ya pili kwa upole mkubwa: wanampa pole, neno hilo hawanalo, na hawajawahi kuwa nalo. Aliisoma barua hiyo mara tatu kwa hasira. Alikuwa amewatafuta watu wakweli kwa taa, amewapata, na sasa alikuwa akiomba Mungu wawe waongo.

Akampigia Sumaiya. "Tafadhali, nambie njia ipo."

"Ingekuwapo, programu hii usingeichagua," Sumaiya akasema taratibu.

Fathiya aliikata simu bila kuaga. Alimlaumu Sumaiya, akamlaumu marehemu, Mungu amsamehe, kwa ile karatasi iliyoungua, na akajilaumu mwenyewe kwa kiburi cha kutaka kuonekana mwaminifu hata akakosa kuweka nakala moja. Lakini akijua vilevile kwamba angeiweka nakala hiyo, Bi Mwanakheir angekuwa na haki ya kumshuku.

"Watu wote wamemwona," Ilham akasema. "Mashoga zangu, majirani, mpaka wapishi. Wote wananihadithia mamangu alivyocheza. Mimi nlikuwa pale pale juu ya jukwaa, hatua nne tu, na sikuona kitu."

"Kwani hukutazama?" Fathiya akauliza.

"Si wewe uliyenkataza? Nlisikia vigelegele, nkataka kuinua macho. Ukanambia, 'Inamisha, bibi harusi hatazami, unaniharibia picha.'"

Fathiya aliivuta kompyuta karibu, akamwomba amtajie jina jingine.