Shimo Nililolifukia Myanga

Siku ile ya Myanga haijanitoka, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniambia umepata kazi ya kutembelea nyumba zenye watoto wa mahitaji maalum, kaa kidogo nikusimulie. Najua una haraka. Hata mimi nilikuwa na haraka siku ile, na haraka yangu ilimuumiza mtoto.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati ule watu walikuwa bado wanavaa simu kiunoni ili zionekane. Nilikuwa fundi wa mbao pale Kitale, kijana mwenye karakana yake ya mabati, na kichwa kilikuwa kimeanza kunivimba. Kanisani kwetu kulikuwa na kamati ya kusaidia watoto wenye ulemavu huko upande wa Bungoma. Kila wiki kamati ilimtuma mtu awafanyishe mazoezi ya viungo nyumbani kwao na kuwapelekea unga wa uji. Kazi nzuri, sikatai. Basi mwenyekiti akaja karakanani na karatasi yenye majina kumi na manne, na umri wa kila mtoto pembeni. Alitaka viti maalum vya kuwashikilia watoto ambao hawawezi kukaa wenyewe. Alivitaka kabla ya Jumapili ya pili, maana wafadhili walikuwa wanakuja na kamera zao.

Hebu niambie, mwanangu. Ni fundi gani hushona suti ya arusi kwa kusoma umri wa bwana arusi? Hata mlango wa choo siutengenezi kabla ya kupima fremu. Lakini hawa walikuwa watoto walemavu, na mimi, Mungu anisamehe, niliona kwamba chochote kitawafaa. Nikatengeneza kiti kimoja, na vile vingine kumi na vitatu nikavikata kwa kipimo hicho hicho. Nikavipaka vanishi vikang'aa. Sikuwa nimemwona mtoto hata mmoja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Myanga, huko huko Bungoma, kwa bibi mmoja ambaye kila mtu alimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa Kibukusu. Alikuwa akimlea mjukuu wake Nafula, msichana wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo. Mama wa mtoto alikuwa akiuza nguo Lwakhakha, mpakani mwa Uganda, na alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Mimi na mwenyekiti tulifika mapema na viti, wageni wakiwa bado njiani.

Nyuma ya jikoni nikamkuta Nafula. Alikuwa ndani ya shimo. Usishtuke, nisikilize. Lilikuwa shimo fupi, limekandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe likawa laini kama sakafu ya nyumba. Ndani yake kulikuwa na kidato cha kukalia kilichotandikwa gunia na blanketi kuukuu, na mbele nafasi ya miguu kushuka. Udongo ulimshika kiunoni na ubavuni. Mbele yake kulikuwa na kipande cha ubao, na juu ya ubao kikombe cha uji. Mtoto alikuwa amekaa wima. Alikiinua kile kikombe kwa mikono miwili inayotetemeka, akanywa, akacheka kuku aliyekuwa akidonoa karibu na uso wake.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha hata leo, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Kukhu akamtoa Nafula akampeleka ndani kumvisha nguo ya wageni. Mwenyekiti akanishika mkono.

"Fundi, funika hiyo kitu haraka. Ati mtoto amezikwa hai, bana? Hiyo picha itatuharibia jina."

Kulikuwa na jembe limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikafukia lile shimo, blanketi na gunia humo humo, nikakanyaga juu mpaka pakawa sawa. Kiti changu nikakiweka hapo hapo.

Kukhu alipotoka akasimama akapatazama. Kwao mgeni hakaripiwi siku aliyokuja, na sisi tulikuwa wageni. Akampakata mtoto, akaandaa chai, akatuhudumia sote na wafadhili wetu kwa heshima zote. Nafula akafungwa mikanda kwenye kiti kikubwa kuliko yeye, akashikiliwa mabega na mwenyekiti mpaka kamera ikalia. Tulipokuwa tunaondoka nikamsikia mwenyekiti akimwambia yule bibi kwa sauti ya chini, "Tukipata shimo tena hapa, jina ya mtoto tunatoa. Hakuna unga, hakuna mazoezi." Nilisikia vizuri kabisa. Nikapanda gari.

Ulipita mwezi mzima. Nikapata kazi ya kupeleka milango ya duka pale Myanga, nikaona nipitie kwa Kukhu nikapokee shukrani. Ndiyo, shukrani! Nilikuwa natembea hivi, kifua mbele.

Kiti changu kilikuwa kando ya nyumba na nguo zimeanikwa juu yake. Nafula alikuwa amelazwa chali kwenye mkeka, shingo imepinda nyuma, kifua kikikoroma kama cha mzee. Kukhu alikuwa akimtilia uji kwa kijiko. Kila kijiko cha pili mtoto alipaliwa, akageuka rangi, na bibi akamwinua na kumpiga mgongo. Mikono ile iliyokuwa ikishika kikombe ilikuwa imekunjwa kifuani, ngumu kama kuni.

Nikauliza, na sijui nilipata wapi mdomo wa kuuliza, kwa nini hatumii kiti.

Kukhu akaweka kijiko chini. "Leo wewe si mgeni," akasema. "Leo umekuja mara ya pili. Lala hapo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Lala chini, fundi. Hapo kwa mkeka, karibu na mwenzako."

Nikalala. Mwanangu, mtu mzima mwenye karakana mjini, nikalala chali kwenye mkeka na suruali yangu ya kazi. Yule bibi akachukua kikombe cha uji, akanishika kidevu, akanimiminia. Funda la kwanza lilipita. La pili likaingia pasipo pake. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, nikataka kuinuka, akaniwekea kiganja kifuani.

"Bado. Mwezi mzima Nafula anakunywa hivyo. Mara mbili amelazwa hospitali, ati nimonia. Alikuwa anakaa! Alikuwa anashika kikombe yake! Miaka mbili nilichimba hiyo shimo, napunguza hapa, naongeza pale, mpaka ikamshika. Wewe ukakuja na jembe yangu mwenyewe. Sasa niambie, hiyo kiti ulitengenezea nani?"

Nilikitengenezea kamera.

Niliinuka uji ukinitiririka shingoni, nikachukua lile jembe, nikaanza kuchimba. Kukhu hakunisifu wala hakunipa pole. Alisimama juu yangu akiniamrisha: punguza, hapo ni ndani sana, nyuma ilaze kidogo, huyu kichwa chake huanguka mbele. Jua lilipoanza kuteremka Nafula alikuwa ameketi. Hakushika kikombe siku hiyo, lakini uji ulipita bila kukohoa, na bibi akakaa chini pale pale kwenye udongo akalia kwa mara ya kwanza.

Nikamwomba anifundishe. Nilirudi wiki hiyo hiyo na mbao, na kazi yote nikaifanyia uani kwake. Tulimpima Nafula akiwa shimoni kwa kamba ya mkonge, Kukhu akifunga fundo kila mahali palipo muhimu: kisigino, goti, kiuno, kwapa. Nilichonga, tukamkalisha, akainama upande, nikachonga tena. Kiti hicho hakikuwa na vanishi wala hakikupendeza. Kilikuwa shimo la Kukhu lililowekewa miguu, nalo lile la udongo tuliliacha wazi.

Kisha nikaenda kwenye kikao cha kamati Kitale, nikawaambia shimo la Nafula limechimbwa tena. Chai ilikuwa mezani. Nikawaomba wazee wote walale chali kwenye mabenchi wanywe chai hivyo, ndipo tujadili kufuta jina la mtoto. Hakuna aliyelala! Mwenyekiti akasema nimekosa adabu. Nikamwambia adabu niliimaliza siku nilipofukia shimo na kunyamaza. Jina la Nafula halikufutwa, na vile viti kumi na vitatu nilivifuata nyumba kwa nyumba, nikavivunja na kuvitengeneza upya mbele ya wenyewe. Ilinichukua karibu mwaka mzima.

Sasa wewe, mwanangu, utapewa fomu. Utaingia uani mwa watu umevaa beji, na utaona mambo yatakayokutia aibu mbele ya wakubwa wako: shimo, karai lililojazwa matambara, kamba iliyofungwa mtini. Kabla hujasema neno, keti chini uulize ni nani aliyetengeneza kitu hicho na kinamsaidiaje mtoto. Mama au bibi anayemwinua mtoto huyo kila siku anajua mengi kuliko karatasi yako. Ukimkuta mtoto ameketi, usimlaze ili ofisi ifurahi. Na ukimsikia mkubwa anamtisha mzazi kwa msaada, usipande gari kama nilivyopanda mimi. Sema hapo hapo, hata kama kazi itakuponyoka.

Nafula ni mwanamke mzima sasa. Nimemtengenezea viti vitano tangu siku zile, na kila kimoja nilimpima yeye mwenyewe. Hukaa mlangoni kwa mama yake akinywa chai, na akiniona nakuja hucheka, sijui kama ananikumbuka na ule uji shingoni.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kufika nyumba za mwisho kabisa, na akupe masikio kabla hajakupa kalamu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akukutanishe na bibi kama Kukhu, mwenye mkeka na kikombe cha uji.