Hapa Hatuuzi Chai

Anayedhani muuza mitishamba ni bibi mpole wa kubembeleza watu, aje amwone wa mtaani kwetu hapa Goslar, Ujerumani. Vidole vyake vimegeuka kahawia kwa kusaga mizizi, na akikasirika huvigonga kwenye kaunta, yaani kutwa nzima. Ukimwomba chai ya kikohozi, umekwisha. “Chai kanywe kwa mama yako! Majani yanalowekwa, mizizi inachemshwa, dawa ya kidonda inakandwa. Wewe unataka ipi?” Mimi niliyekaa jirani naye miaka kumi na moja nimeshafukuzwa mara mbili kwa neno hilo.

Jumanne mzee Brandhorst aliingia na mfuko wa majani aliyochuma msituni. “Kiungamfupa hiki, mama. Mengine nimemwachia mke wangu Hedwig, anajitengenezea chai ili ule mkono wake uliovunjika uunge haraka.” Muuza mitishamba akasugua jani moja, na vidole vikaacha kugonga. Majani ya kiungamfupa hukwaruza. Haya yalikuwa laini kama sikio la paka. Yalikuwa ya lile ua la kengele za zambarau, lenye sumu inayosimamisha moyo.

Akarukia simu. “Hedwig! Umeshakunywa? Bado inapoa? Mwaga chai! Chai, mwanamke, hiyo chai! Mwaga yote!”

Akarudisha simu. Akamgeukia mzee.

“Na hicho kiungamfupa chenyewe ni cha kukanda, hakinywewi! Ukinitajia tena chai humu ndani, na mkono wako nitauvunja.”