Mkoba wa Dharura

Vesela wa ghorofa ya nane hujua msimamizi wa jengo anapanda ngazi kwa harufu ya hoho za kuchoma inayomtangulia. Hupanda kila asubuhi, mkoba wa dharura begani, amefumba macho, vidole vyake vyekundu vikipapasa ukuta, maana siku ya moto, husema, moshi hautakuwashia taa. Pipa la kabichi ya kuchachusha likiwekwa kwenye ngazi, haliachi hapo. Hulisukuma kwa goti hadi mlangoni kwa mwenyewe. "Kabichi hii itakuzika, Stamen!" Sauti yake nene hufika juu kabla ya lifti.

Jumamosi ile alipuliza filimbi ya zoezi. Mwaka uliotangulia wakazi walishuka kwa dakika kumi na moja, na Vesela, kwa magoti yake mabovu, alibaki juu akichungulia dirishani. Safari hii msimamizi alimfuata mwenyewe, akampa bega. "Haya shangazi, twende. Mikono mitupu!"

Walipofika uani saa ilisema dakika tano. Watu wakashangilia, kisha wakanywea: kila mmoja alikuwa amekumbatia chupa ya hoho alizosaga wiki ile, za kupaka mkate majira ya baridi. Hata Vesela, ndani ya sweta.

"Jamani! Nyumba inaungua, nyie mnaokoa hoho?"

"Watoto wana miguu," Stamen alijitetea. "Chupa haina."

Msimamizi aliwatazama mmoja mmoja, akaandika dakika tano daftarini, akafungua ule mkoba. Ndani mlikuwa na mikate minne, imeshakatwa vipande.