Pori Lenye Vyungu

Katika ukoo wetu hakuna mwanamume aliyezikwa kwenye shamba alilozaliwa. Baba huisema sentensi hiyo kwa fahari, na kwa miaka mingi nami niliisema hivyo hivyo, kana kwamba ni nishani. Siku hizi nikiisikia naona heri nitoke nje.

Babu alizaliwa upande wa Kenya, si mbali na Busia. Shamba la baba yake liligawanywa kwa wana mpaka kipande chake kikawa hakitoshi hata kufungia ng'ombe. Akavuka mpaka na mkewe, jembe begani na mbegu za wimbi kwenye kibuyu, akaenda magharibi hadi kusini mwa Busoga, kwenye pori ambalo watu wake walikuwa wamemalizwa na malale zamani. Bibi alipenda kutusimulia jinsi walivyolima mara ya kwanza. Jembe lilikuwa likigonga vigae vya vyungu kila hatua, na siku moja likafukua chungu kizima, hakina hata ufa. Akakiosha, akapikia maharage siku hiyo hiyo. Akifika hapo bibi alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi, na sisi wajukuu tulicheka naye, maana ilikuwa hadithi ya bahati: umehamia porini na pori limekupa chungu. Hakuna aliyeuliza kilikuwa cha nani.

Baba alipooa, shamba la Busoga nalo lilikuwa limekatwa vipande kwa ndugu zake. Akafanya kama baba yake, akashika njia ya magharibi mpaka Bunyoro. Huko ndiko tulikozaliwa sisi. Watu wakisikia neno "waanzilishi" huona mashujaa. Mimi namwona mama amelala na debe kando ya kitanda, ili nguruwe mwitu wakija alipige. Namwona baba na mikono iliyochubuka kwa kung'oa visiki. Tulikula mihogo asubuhi na jioni, tukaugua malaria kwa zamu, na mtoto mmoja aliyenifuata hakumaliza mwaka. Kati ya magugu baba alikuta mawe ya kusagia, na mibuni iliyosimama kwenye mstari ulionyooka. Mibuni haijipangi yenyewe. Baba aliipogoa, akavuna, akasema pori hili lina heri.

Mama alifia pale, tukamzika nyuma ya nyumba. Baada ya miaka michache akaja mtu mwenye hati, na trekta, na vijana wenye fimbo. Kwa mujibu wa hati hiyo sisi tulikuwa wavamizi. Sasa juu ya mama kuna miwa. Baba alihamia kwangu hapa mjini, Kansanga, na godoro moja, na mpaka leo sijamsikia akisema kwamba alimwacha mama. Anasema aliacha shamba.

Mimi ni fundi cherehani. Nina vyumba viwili kwenye mizigo, nyumba zetu za safu, chini ya barabara ya Ggaba. Si mahali pa mkulima. Baba alipanda migomba kando ya mtaro wa maji machafu, mwenye nyumba akaing'oa, akapanda tena. Mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba, alikuwa akiendesha bodaboda Kabalagala, akibeba walevi kutoka baa hii hadi ile, na kila jioni baba alimwangalia kama mbegu inayoozea guniani.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni mama wa Kikongo, mjane, anayeuza vitenge kwa kutembeza. Lugha yetu na yeye ni Kiswahili, kila mtu na chake. Asubuhi moja alikuwa anafua bombani, baba akamuuliza kama kwao kuna ardhi.

"Udongo iko mingi, baba," alisema. "Muhogo inakuwa mukubwa namna hii." Akajipima mkono mpaka begani. Kisha akainama tena kwenye karai. "Batu ndiyo habako."

Baba alinigeukia, uso unamng'aa. "Wewe nasikia? Udongo iko, na watu hakuna!"

Mama wa watu alikuwa ametuambia msiba wake wote, na baba alisikia habari njema mbili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tuligombana juu ya kuhamia huko kwa wiki nyingi. Nilimwambia baba kule watu wanauana. Akanijibu kwamba hata Busoga palikuwa na malale na babu alikwenda. Nikamwambia basi aende mwenyewe. Akajisugua magoti, ambayo hayamfikishi hata barabarani. Lakini mdogo wangu alikuwa anasikiliza. "Dada, mimi nachoka na walevi," aliniambia. "Naenda kuangalia tu." Jirani alipoona haambiliki, alimpa namba ya simu ya shemeji yake aliyebaki kule mjini, akamsihi: "Ukae kwake mu muji. Ku mulima usipande." Nilimwona mdogo wangu uso wake ulivyobadilika alipolisikia neno mlima, nikajua keshafika.

Alivuka Ziwa Albert na wachuuzi wa samaki. Tulizungumza kila Jumapili, akitafuta mahali penye mtandao. Udongo ni mweusi, alisema, ukichomeka fimbo inachipua. Amepanda mahindi huko mlimani. Analala kwenye nyumba aliyoikuta, mlango wake wa kijani, paa limeungua lakini kuta ni nzima. "Sufuria bado iko juu ya mafiga, dada, na mfuniko wake!" Akacheka. Kilikuwa kicheko cha bibi, kile kile. Nikamuuliza ndani ya sufuria kulikuwa na nini. Akasema hajui, kilikuwa kimekaukia, alikisugua kwa mchanga.

Nilikwenda kumweleza jirani. Aliposikia mlango wa kijani alikaa kitandani. "Ni kwangu," alisema.

Basi nilimpigia mdogo wangu nikamwambia arudi. Nilimwambia hakuna mtu anayeacha chakula jikoni ila amekimbia, na kilichomkimbiza hakijahama. Akasema atarudi akishapalilia. Nikaanza kupiga kelele, baba akaninyang'anya simu. Nilidhani atamwita mwanawe nyumbani. Alimuuliza kama mvua inanyesha.

Jumapili iliyofuata simu haikupatikana, wala ile nyingine baada yake. Nilikuwa na kazi ya sare za shule, na nilikuta nimeshona mikono ya kushoto pande zote mbili. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na hofu tu, na hofu haina kazi ya kufanya. Baba alikaa mlangoni akisema huko hakuna mtandao mzuri. Alikuwa anasema hivyo kwa kila apitaye, hata kwa wasiouliza.

Kisha mchana mmoja jirani akaja, hajabeba vitenge. Aliketi sakafuni mbele ya baba, akavua kilemba. Shemeji yake alikuwa amempigia simu. Watu wenye bunduki walikuwa wamerudi mlimani. Walipoondoka, shemeji alipanda na wenzake wakamkuta mdogo wangu shambani, na kumshusha hadi mjini haikuwezekana.

"Tulimuzika kwetu, baba," alisema. "Pembeni ya bwana yangu. Tulimuzika muzuri."

Alikuwa analia. Mimi machozi yalikuwa bado hayajafika, nilikuwa namtazama yeye tu, mwanamke anayemlilia mtu aliyejilaza nyumbani kwake bila hodi. Baba alikaa, mikono magotini. Nilimsogelea nikidhani ataanguka. Nilikuwa tayari kumsamehe, nasema kweli. Angetaja jina la mwanawe tu, mara moja, ningemsamehe yote.

"Na mahindi?" alimuuliza. "Nafika wapi?"

Mama wa Kikongo alijifuta uso kwa kile kilemba, akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa.

"Inafika ku magoti, mzee. Shemeji atapalilia."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Ambia yeye hapana chelewa," akasema.