Nyama ya Ijumaa ya Kwaresima

Hebu mwone kwanza Leokadia anavyofika. Ni Jumamosi mchana, Germantown, Marekani, kwenye mtaa wa nyumba zilizoshikana kama mabehewa. Anashuka garini na hotpoti ya maandazi, anapanda ngazi tatu, anabonyeza namba za mlango kama alivyozibonyeza miaka mitatu. Mlango unakataa. Anarudia polepole. Unakataa tena. Hapo ndipo moyo unapomwambia kwamba namba zimebadilishwa.

Adela, binti wa mzee anayehudumiwa humo, akafungua. Alisema "karibu" tu, bila ile "dada" ya siku zote. Mezani hapakuwa na chai, na we jua, nyumba ile haijawahi kumkosesha Leokadia chai.

Leokadia alianza kwa kuogesha wazee wa watu, miaka kumi na tisa iliyopita, mpaka akaanzisha kazi yake: wahudumu wanne na wazee sita, kila mmoja nyumbani kwake. Kilichomjengea jina ni sauti yake. Kila alasiri alikuwa akimrekodia mtoto wa mzee ujumbe kwenye simu: "Adela mdogo wangu, mzee leo kaninunia, kisa chumvi kidogo. Kala nusu sahani, kasali rozari yake, kalala." Adela, anayefanya kazi maabara kule Gaithersburg, mji wa jirani, aliusikiliza kwenye foleni ya barabara kuu, na foleni ikawa fupi.

Tangu Novemba sauti ikakoma, yakaja maandishi. Marefu, masafi, hayana hata kosa moja. "Mzee alikuwa mwenye furaha na alishiriki vyema shughuli zake za siku." Adela alidhani dada wa watu kachoka kuongea. Mpaka jana.

Adela akaishika simu yake, akasoma kwa sauti: "Mzee Laurean alifurahia wali na mchuzi wa nyama mchana huu, akamaliza sahani yote." Akainua macho. "Jana ilikuwa siku gani, dada Leokadia?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya nini?"

Leokadia akang'amua. Ijumaa ya Kwaresima. Na Mzee Laurean, aliyekaa kwenye kiti chake pale dirishani, alikuwa katekista Bukoba miaka arobaini. Siku hizi amesahau mwaka, amesahau mtaa anaoishi, lakini Ijumaa ya Kwaresima nyama haijamgusa mdomo tangu utoto.

"Ama mmemlisha baba nyama kwa kuwa hawezi kujitetea," Adela akasema, "ama ujumbe huu ni uongo. Chagua."

Njia rahisi ilikuwepo. Zamu ya jana ilikuwa ya Kaneza, binti wa Kirundi mpole, ambaye angesingiziwa angeinamisha kichwa tu. Jina lilishafika kwenye ulimi wa Leokadia. Lakini mzee akawahi.

"Nani kala nyama?"

"Wewe, baba. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi? Mnanitukana! Nilikula maharage. Aliyapika mama yako."

Adela akafumba macho. Mama yake ana miaka minane kaburini. Shahidi mwenyewe ndiye huyo.

Leokadia akalimeza lile jina. "Maharage ni kweli. Aliyapika Kaneza. Uongo ni wangu, mdogo wangu."

Akaeleza. Kaneza humtumia neno moja tu, "amekula". Zamani Leokadia alimpigia, akauliza kala nini, kasema nini. Lakini wazee ni sita na magoti yanamuuma, basi akaikabidhi kazi hiyo akili mnemba. Inachukua lile neno, inatazama ratiba ya chakula, inajaza yaliyobaki. Ratiba yenyewe aliipanga kabla ya Kwaresima, hajaigusa tena.

"Na husomi kabla ya kunitumia?"

"Juu juu."

"Kwa hiyo mashine haijawahi kumwona baba, lakini ndiyo inayoniambia kama kacheka." Adela akacheka mwenyewe, kicheko kikavu. "Eti akamaliza sahani yote! Baba hajamaliza sahani tangu siku ya arusi yake. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungeniuliza haya haya."

Adela akarudi kwenye simu, kidole kikapanda mpaka Januari. Sauti ikamshuka. "Na huu? 'Leo Mzee Laurean aliomba picha ya marehemu mkewe, akaikumbatia na kumwimbia.' Niliutuma kwa ukoo mzima. Shangazi Bukoba akalia, wakamsomea mama misa. Nao ni wa mashine?"

"Huo ni kweli! Nilikuwepo mimi. Mashine iliyanyoosha tu maneno."

"Unafanana na mingine yote."

"Naapa, Adela."

"Aliimba wimbo gani?"

Wimbo ulikuwa wa Kihaya na Leokadia si Mhaya, maneno hakuyaelewa. Alichobaki nacho ni sauti ya wimbo. Akaanza kuuimba kwa pua, taratibu, huku akimtazama mzee. Mzee akageuka. Kidole kikagonga mkono wa kiti, kisha naye akadakia, akaenda na wimbo mpaka mwisho.

"Umeona?" Leokadia akasema, macho yamejaa.

"Baba hudakia hata tangazo la sabuni kwenye televisheni," Adela akajibu. "Na wimbo huo mimi siujui."

Leokadia akasema kuanzia Jumatatu atarekodi mwenyewe kwa koo lake, na mashine hataitumia tena kwa mzee huyu. Adela alikuwa na kalamu mkononi na kijikaratasi mbele yake, cha kumwandikia Leokadia namba mpya za mlango. Jumatatu saa moja asubuhi lazima awe kazini, na baba hawezi kubaki peke yake.

Wewe unayesoma, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeziandika?