Mshororo Ulioishia na "Ili"

Shemeji yangu alikuwa dalali wa mnadani, mdomo wake haukuwa na breki. Kiharusi kilimwachia maneno yake yote, ila kikampunguzia mwendo: anaanza sentensi, anakwama katikati, baada ya muda anaimalizia. Tatizo si yeye. Tatizo ni watu. Hawana subira, wanammalizia wao. Alimwambia kinyozi, "Ninyoe..." Kinyozi akadakia, "Zote? Haya, mzee!" Masharubu aliyoyalea tangu ujana yakaangukia sakafuni. Kuanzia siku hiyo shemeji akaacha kabisa kuongea mbele za watu. Iliniuma, nikataka kumfuata yule kinyozi nimpe vidonge vyake.

Dada yangu, mkewe, fundi cherehani, hakugombana na mtu. Alitunga shairi, akalipeleka kwenye chama chetu cha washairi. Mwenyekiti akavaa miwani.

"Mshororo wa kwanza umeishia na 'ili'. Ili nini, mama?"

"Soma wa pili, utaona."

"Mshororo unatakiwa ujitosheleze. Hii yako yote inaning'inia."

"Najua. Mume wangu anaongea hivyo hivyo. Sibadilishi hata neno."

Mwenyekiti akaguna. "Shauri yako. Wakikuzomea usinilaumu."

Chamani kwetu, msomaji akifika mwisho wa mshororo, wasikilizaji huitikia "Enhe!" Siku ya kusoma, dada alimkalisha mumewe kiti cha mbele, akasimama.

"Mume wangu kaniita ili..."

"Enhe!" tukaitikia, mimi nikiwemo, kwa mazoea tu.

Dada akatukazia macho mpaka tukatulia, ndipo akaendelea:

"...aniambie kitu, nami nikakaa..."

"Enhe" moja ya kinyonge ikatoka nyuma kabisa. Akamngoja na huyo. Kufikia ubeti wa pili hakuna aliyethubutu kuitikia kabla sentensi haijafika mwisho wake. Jasho lilimtoka, lakini sauti haikutetereka. Nilijivuna utadhani nimetunga mimi.

Alipokaa, shemeji akashika mkono wa kiti, akainuka taratibu.

"Mwenyekiti, nina..."

Akakwama. Mwenyekiti akafungua mdomo, akaufunga. Mtu mmoja alikohoa, akatazamwa vibaya. Mimi nilikuwa tayari na maneno ya kumsaidia, nikayameza. Dada hakugeuka hata kumwangalia. Alikaa kimya, mikono mapajani, akingoja kama sisi wengine.

"...swali."

Mwenyekiti akavua miwani. "Uliza, mzee. Hatuna haraka."